Uwanja Unaokunywa Maji

Jumapili, 6 Januari 2008

Al Twar tena, mtaa wa villa huku Uarabuni. Bosi wetu, Bwana Shakir, anasema kampuni inayosimamia hizi villa sasa itawatoza wenye nyumba ada ya maji ya mvua. Mvua yenyewe hatuioni! Hesabu ni hivi: paa, saruji, matofali ya kabro — kila mahali maji hayaingii chini — napima, najumlisha, wanalipia. Mchanga haulipiwi.

Watu ni wajanja, jameni. Mmoja alimwaga mchanga juu ya kabro, akadhani mimi ni mjinga. Ndiyo maana natembea na ndoo. Namwaga maji. Yakisimama, kuna sakafu chini, unalipa. Yakizama, umepona.

Jumatano, 9 Januari

Leo kwa Madam Masuda, bibi wa Kizanzibari aliyezeekea hapa. Ameng'oa kabro yote ya uwanja wa nyuma ili ada ishuke. Nikamwaga ndoo. Maji hayakuzama — yalivutwa! Mchanga ukabaki kama haujaguswa. Nikamwaga nyingine. Vilevile. Halafu, muda mrefu baadaye, nikasikia maji yakianguka huko chini kabisa. Nywele zilinisimama.

Dada wa kazi, Mwanamkasi, mtu wa Tanga, alinicheka. Ati huyasikia kila akimwaga maji ya kufulia, chumba chake kiko hapo hapo uwanjani, ameshazoea. Akaniletea chai ya tangawizi. Sikuimaliza. Nilitaka tu kutoka juu ya ule mchanga.

Nimeandika: mchanga, unakunywa. Ada imeshuka. Madam amefurahi mpaka akaniombea dua.

Ijumaa, 11 Januari

Kanisani (huku ibada ni Ijumaa) sikusikia mahubiri hata kidogo. Masikio yangu yalikuwa kwa yale maji.

Nikamtafuta Ibra, dereva wa lori la maji taka. Anasema nyumba za zamani zilikuwa na mashimo ya choo, mengine yalifukiwa ovyo. Lakini shimo hujaa, akasema. Hilo lako halijai? Nikamwambia halijai. Akapanda lori lake akaondoka. Ibra, kuondoka bila kuaga! Mtu ambaye mdomo wake haujui likizo.

Nimempigia Mwanamkasi, nimemsihi ahamie nyumba kubwa. Ati wajukuu wa Madam wamejaa, hakuna pa kulala, na nisimpe presha, kaka Naftali. Halafu akashusha sauti. Kitanda chake kinatembea. Asubuhi anakisukuma ukutani, jioni anakikuta katikati ya chumba.

Naogopa. Sijui kama ni shimo ninaloliwaza sana au ni yeye. Yote mawili.

Jumapili, 13 Januari

Nimemweleza Bwana Shakir. Anasema hesabu yetu haina mahali pa shimo. Ardhi inayokunywa ni ardhi nzuri, mteja asisumbuliwe. Khalas, yameisha. Yalla, twende villa inayofuata!

Nilikasirika. Nikaenda kwa Madam mwenyewe. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama nataka kumrudishia ile ada.

Jumanne, 15 Januari

Mvua tangu jana. Mji mzima ni bwawa, mchana giza kama magharibi. Kila mtu anapiga simu kulalamika.

Mwanamkasi naye amepiga — anacheka! Barabara imejaa, maji yanaingia getini kama mto, na kwao uwanjani hakuna hata dimbwi. Majirani wanawaonea wivu. Nikamfokea: toka humo chumbani sasa hivi! Akasema anachukua mtandio tu. Kisha akasema mlango umegoma kufunguka. Simu ikakatika.

Nimo ndani ya pikapu ya kampuni. Hakuna gari linalosogea. Maji yamefika mlangoni. Polisi wanasema watafika, inshallah, barabara zote ziko hivi. Naandika huku nasubiri.

Hatimaye Madam amepokea simu. Nimemwomba atazame dirishani, chumba cha Mwanamkasi kipo? Kipo, baba, anasema, taa naiona yawaka. Halafu akaniuliza, pole pole, mbona imekaa chini hivyo, usawa wa mchanga?

Nimemwambia asitoke nje. Nasikia kwenye simu kitasa cha mlango wa nyuma, na mvua.