Miti ya Mpaka Kando ya Lhubiriha

Mpendwa mke wangu Masika,

Wazee hawakuipanda ile miti ya mpaka kando ya mto. Niliipanda mimi, kwa mikono yangu hii, wiki ile mliyolala shuleni kwa sababu ya mafuriko. Nilikuficha mpaka ukafa, na ulipokufa nikaendelea kuwaficha waliobaki.

Padri alipokuja na mafuta yake matakatifu, aliniuliza kama kuna jambo linaloulemea moyo wangu. Nikamwambia lipo, ila mwenye haki ya kulisikia kwanza si yeye. Alidhani homa inanisemesha. Sina homa. Nina moyo uliochoka na miguu iliyovimba, na daktari wa hapa Bwera anataka nipelekwe Kampala. Nimekataa. Sitakufa nikitazama dari la watu nisiowajua.

Tuelewane mapema, Masika: kwa kuipanda ile miti siombi msamaha. Mungu akiniuliza nitamjibu hivyohivyo, nimesimama, kama miguu itakuwa imepona.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwapeleka watoto mtoni na makarai mawili? Moja lilikuwa na udongo mtupu, la pili udongo wenye majani yake. Ulimwaga maji juu ya yote mawili, watoto wakapiga kelele kuona udongo mtupu unavyokimbia na maji, na ule wenye majani umetulia. Wazazi waliopita na magunia ya mihogo walikucheka. "Mwalimu Masika anafundisha watoto wetu kupika matope!" Nawe hukuinua hata kichwa. "Waacheni wapike. Mto ukija, mtayala nyinyi."

Mimi sikuwa na karai. Nilikuwa na ramani. Nilisomea mipango miji, nikarudi nyumbani na kalamu za rangi na imani kwamba mstari ukishachorwa umechorwa. Nikapima kando ya mto wetu Lhubiriha, nikaweka vigingi vya saruji, nikatangaza kwamba kutoka hapo hadi majini mtu asilime wala asijenge. Mwaka haukuisha, vigingi vikawa vimeng'olewa. Vingine vilivunjwa ili chuma chake kiuzwe. Kimoja nilikikuta jikoni kwa mama mmoja, kimekuwa figa. Wala hakuona haya. Alinikaribisha kabisa: "Karibu, afande wa ramani! Kigingi chako kinaivisha maharage vizuri sana." Ulicheka njia nzima kurudi nyumbani. Mimi sikucheka.

Jioni ile nilisema kwamba watu hawa hawasikii, wanaogopa tu. Uliweka kikombe chini. "Baba Baluku, anayeogopa anangoja siku ya kuacha kuogopa. Anayeelewa hangoji kitu." Nikamalizia kikombe changu, ukafikiri nimekubali.

Kisha mto ukaja. Ulishuka na mawe makubwa kutoka milimani, ukapita juu ya mahindi, mabanda ya mbuzi na nyumba zote za chini. Nyumba ya kina Biira, yule mwanafunzi wako mwenye sauti ya tarumbeta, haikuacha hata mlango. Watu wakahamia shuleni, nawe ukawa unakoroga uji kwenye masufuria ya harusi. Nilikuaga, nikasema naenda Bwesumbu, kule mlimani, kumtazama kaka yangu. Haukuwa uongo. Nilimtazama, tukanywa chai, kisha nikashuka kwenye shamba la marehemu baba na panga.

Wewe huhitaji kuambiwa mti ule ni nini. Lakini barua hii huenda ikasomwa na wengine, basi niandike. Ni ule wenye majani marefu membamba, unaopandwa kati ya shamba la ndugu na ndugu. Mkonzo, mtu wa kabila letu, anaweza kusogeza jiwe la mpaka. Anaweza kuhamisha ua huku anakusalimia. Mti ule hauondoi. Anayeung'oa, walitufundisha, nyumba yake haitalea watoto. Nilimwomba baba radhi, nikakata mashina yaliyozeeka, manene kama mkono, kwa sababu shina la mti huo hata likiwa zee ukilichomeka huota, na likisimama utadhani limekuwepo tangu zamani.

Kijana wa boda alinikodolea macho. "Mzee, hii mizigo iko ya nini?"

"Miti."

"Unatoa miti mulimani, unapeleka kwenye miti?" Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Basi kesho nitakubebea maji, uyapeleke mutoni!"

Nikayachomeka mashina yale kwenye matope, palepale mstari wa ramani yangu ulipokuwa, nikayapaka tope mpaka juu. Mtu msomi, mwenye cheti ukutani, amepiga magoti anapaka miti tope. Niliona fahari siku hiyo kuliko siku niliyopewa cheti.

Maji yalipopungua watu wakarudi, na Mzee Muhindo, aliyependa kujua kila jambo kabla ya wenzake, akavua kofia. "Mto umefukua mpaka wa babu zetu. Mimi niliambiwa habari zake nikiwa mtoto." Hakuna aliyewahi kumwambia lolote, lakini baada ya hapo kila mzee alikumbuka kwamba naye aliambiwa. Majembe yakaishia kwenye mstari. Chini yake yakaota majani, kisha matete, kisha ndege wakarudi, na mto ulipofurika tena ulijilaza humo bila kuingia mlangoni kwa mtu.

Nawe ukawapeleka watoto pale. Nilikuwa nyuma yenu na baiskeli yangu. Ulishika jani la mti mmoja ukawaambia: "Wazee wetu hawakuwa na shule, lakini walijua mto unahitaji nafasi yake." Watoto wakarudia kwa sauti moja. Ningeweza kusema. Nikaipiga baiskeli kengele, nikapita. Hilo ndilo linaloniuma, Masika. Nilikufanya ufundishe uongo wangu, wewe uliyekuwa unamrudisha mtoto ubaoni kwa kosa dogo la kujumlisha.

Sasa usikie ya mwaka huu. Amekuja tajiri anayetaka ukanda ule wote: achimbe mawe, kisha ajenge maghala ya bidhaa zinazovuka kwenda Kongo. Si mjinga. Hakuanza na tingatinga. Alianza na mbuzi mweupe, pombe, na mtu anayejua kuondoa laana, ili miti itakaswe na kung'olewa bila madhara. Ukaitishwa mkutano palepale mtoni. Waliponisimulia, nilikaa kitandani nikiona aibu peke yangu. Ukuta wangu wote wa hofu, bei yake ilikuwa mbuzi mmoja.

Nikaagiza boda. Walinifunga kwa leso mgongoni kwa dereva kama mtoto mchanga, tukaenda. Wazee walikuwa wakimtazama mbuzi, mbuzi akitazama majani. Nikasimama na mkongojo wangu.

"Mrudishe mbuzi wako," nikamwambia tajiri. "Miti hii haina mizimu. Niliipanda mimi."

Likazuka zogo. Mmoja akapiga kelele kwamba nimechanganyikiwa, mwingine kwamba nimewatukana babu zake. Tajiri alitabasamu tu. "Asante sana, mzee. Umeniokolea mbuzi. Kesho tunang'oa."

"Ng'oa," nikasema. "Utaanza na mimi."

Nikaomba kiti, nikakiweka kati ya miti miwili, nikakaa. Niliamini nitakaa peke yangu. Nilikuwa tayari kwa hilo: mtu wa umri wangu anaweza kufia kitini kama anavyoweza kufia kitandani, na pale kulikuwa na upepo mzuri.

Ndipo Biira akainuka. Siku hizi anabadilisha pesa mpakani, ana mkoba wa faranga umekaa kifuani kama ngao, na sauti ileile. "Nyinyi munagombana nani alipanda? Hata kama mbuzi ndiye alipanda, haitoke!" Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Nyumba yetu haikubebwa na muzimu. Ilibebwa na maji. Mwalimu Masika alituonyesha tukiwa batoto, hapa hapa, na macho yetu. Musee, sogea kidogo." Akaketi chini karibu na kiti changu, na mkoba wake.

Wakafuata wengine. Niliwatambua mmoja mmoja: fundi cherehani, muuguzi, yule mtoro uliyemfuata mpaka sokoni. Watu wazima, wenye watoto wao, wameketi kwenye majani na nguo zao nzuri. Kijana mmoja akamwita tajiri: "Bosi, wewe nenda tu, mbuzi tuachie, tutamtakasa kwa chumvi!" Mwenyekiti wa mkutano akatazama watu, akatazama saa, akasema ombi limekataliwa. Mbuzi aliondoka na mwenyewe.

Atarudi, najua. Na arudi. Asubuhi iliyofuata Biira na wenzake walipanda mashina mengine mpaka kwenye daraja la miguu, mchana kweupe, kila mtu akiona, watoto wao wakiyaruka huku na huku bila kuogopa laana yoyote. Wengi wao, Masika, walikuwa wamesharudi kutoka mtoni na udongo makuchani kabla mimi sijanywa dawa yangu.

Nimechoka kushika kalamu. Wasingya, mke wangu, nakushukuru kwa lugha yetu. Asante kwa uji, kwa kicheko cha njia nzima, kwa miaka yote uliyonivumilia mimi na ramani zangu. Niwekee nafasi upande wako wa mlimani, nisichelewe kukuona.

Limebaki jambo moja, ambalo sikulisema mkutanoni na padri hatalisikia. Nilikubebea makarai, nikakuchotea maji, nikawasifia watu ufundishaji wako kila nilipoketi. Lakini nilipanda ile miti kwa sababu sikuliamini somo lako hata siku moja.

Mumeo,
Baba Baluku