Neno "Inakuya"

Butembo, siku ya tano, mangaribi

Sisi bakata-miti, mbele muti ianguke, tunapiga kelele: "Inakuya!", ni kusema muti inaanguka. Bila ile, unaweza kuua mutu.

Leo muti ya kalitusi ya nyuma ya kanisa ilianza kulia, karibu ianguke, nikapiga kelele vile. Mama Kavira, jirani ya kanisa, akasikia "Banakuya", ni kusema batu ndio banakuya, akafikiri ni basoda, baaskari. Akabeba mutoto, akakimbilia pale pale muti ilikuwa inaangukia. Matawi ilianguka nyuma yake, karibu sana.

"Papa, hakuna neno ingine?" Mama Kavira akaniuliza.

Nimetafuta. "Kimbieni" ni mubaya zaidi. Filimbi ni ya basoda.

Basi kesho, mbele ya kukata, nitapita ku kila nyumba kusema ni muti tu. Lakini siku basoda batakuya kweli, batu batabakia mu nyumba, baseme ni mimi nakata muti.