Mwisho wa Picha Sikuwa Nimeuona

Hamidi nimekwisha. NIMEKWISHA.

Natoka Ipagala kwa kina Rukaya sasa hivi. Baada ya pilau la Idi wakaweka picha ya kizamani, ya kuangukaanguka, haina sauti. Wakasema, wewe si mtafsiri wa banda la video Majengo, hebu tutafsirie.

Sikuwahi kuiona. Nikajitia naijua! Nikasema lile bonge la mtu kwenye picha ndiye baba wa yule msichana. Wote mbavu hawana.

Mwishoni, Hamidi, bonge kamuoa msichana! Baba kamuoa binti yake! Mbele ya bibi yake Rukaya!

Nikaropoka, "Ni baba wa kambo!" Ndo nikaharibu kabisa.

Baba yake Rukaya akazima TV. "Kijana, barua yako ya posa nimeisoma. Nayo umeitunga kama hii?"

Sasa nimjibu nini? Ile barua si uliiandika wewe?