Kukatika na Kukata

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila nikianza bila shikamoo naona kama nakukosea adabu.

Nakuandikia nikiwa kwenye kigoda, chini ya swichi kubwa ile ya nyumba nzima, ukutani karibu na mlango. Mkono wa kushoto umeishika, unatoka jasho. Umeme umekatika tangu asubuhi, na Mjomba Shomari yuko kisimani nyuma ya nyumba, anaunga waya wa pampu. Waya uleule. Mama ametoka eda, mgongo unamuuma kwa kuvuta ndoo za maji, ndiyo maana kamwita kaka yake kutoka Mlingotini. Mjomba kaja na koleo na maneno yako yaleyale: "Umekatika huu, tumalize upesi kabla haujarudi."

Siku ile nawe ulisema hivyohivyo, ukavua ndala ukaingia kwenye tope la kisima. Mimi nilikuwa kibarazani nachambua mchicha. Watoto wa jirani wakapiga kelele, "Umerudi! Umerudi!" Nami nikashangilia pamoja nao. Nilishangilia, Baba. Mpaka leo nikiisikia sauti ile ya furaha, nakimbilia kisimani.

Muhula huu shuleni tumefika kwenye umeme. Mwalimu katufundisha kwamba mkondo ni volti zikigawanywa kwa ukinzani. Volti zikiwa zilezile, ukinzani ukishuka, mkondo unapanda. Akatoa swali la mtu mwenye mikono mikavu, kisha la mtu yuleyule akiwa amelowa. Nilikokotoa vizuri, nikapata tiki zote. Halafu nikaomba ruhusa, nikaenda kutapika nyuma ya choo.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Mwalimu alisema mkondo unataka njia iliyokamilika, kwenda na kurudi. Ikikatika mahali pamoja tu, hakuna kinachopita. Siku ile ilikuwa imekatika huko mbali, mahali tusipopajua, na mtu tusiyemjua ndiye aliyeiunga. Sisi wote pale nyumbani tulisema "umekatika". Hakuna aliyesema "nimekata".

Leo nimekata. Mjomba kanicheka: "Umeme wenyewe haupo, msomi wangu, sasa unazima nini?" Nimekaa hapa Mama asije akapita akaiwasha kwa mazoea. Kila nikiitazama hii swichi naona kama itajiwasha yenyewe. Najua haiwezi. Naogopa tu.

Baba, wamepiga kelele. "Umerudi!"

Samahani kwa mwandiko. Nimemwita Mjomba, kimya. Nimemwita tena. Siwezi kwenda kumtazama, nikiuondoa huu mkono

Ameitika. Anauliza napigia kelele nini, na kama nimepata nafasi nimpelekee maji ya kunywa. Nimemwambia aje ayanywee hapa. Redio ya jirani inaimba, na feni yetu imetulia tuli. Nalia, na mkono bado uko kwenye swichi.

Pumzika, Baba. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti. Pampu ikipona, maji ya kwanza nitakuombea dua nayo. Ila sitaiwasha mpaka Mjomba asimame hapa mbele yangu, niione mikono yake yote miwili.

Mwanao,
Mwanaidi