Papa Hakuingia Ngome ya Himeji

Jumapili jioni, Overport. Mvua haijakatika tangu tutoke kanisani, nguo zangu ziko kambani na sina hamu ya kwenda kuzianua.

Leo nimemkosea baba yangu.

Tulikuwa kwake na wageni wa kanisani, mmoja akauliza kuhusu picha ya ngome iliyo ukutani. Nikaanza kisa changu cha miaka yote. Papa alikuwa akiagiza magari ya mitumba kutoka Japani kupitia bandari ya hapa Durban. Muuzaji wake akatualika, nami nikaenda kama mkalimani. Siku ya kwenda ngome ya Himeji, Papa alivaa suti na viatu vinavyong'aa, kama mzee wa kwetu Bukavu anayekwenda harusini. Mlangoni tukapewa mifuko ya plastiki: vua viatu, vitie humo, ndipo upande. Papa akagoma. Akabaki nje kwenye benchi, baridi yote ile, nami nikapanda peke yangu nimenuna.

Hapo huwa namwigiza, mikono kifuani: "Mimi niko mubaba, siwezi vula viatu mbele ya batoto." Watu hucheka mpaka machozi. Leo pia wamecheka, na Papa akacheka nao.

Walipoondoka, nikiwa naosha vikombe, akasema polepole, "Soksi yangu ilikuwa na matundu. Ile ya muzima, ulikuwa umevala weye."

Nikafunga bomba la maji.

Ni kweli. Zangu zililoa mvua ya jana yake, asubuhi nikachukua za kwake sandukuni bila hata kuuliza. Aliziona miguuni mwangu akanyamaza.

Naikumbuka sana safari ile. Mbao baridi, ngazi zilizosimama wima kama za kupandia darini, na juu kabisa dirisha dogo. Nilimwona kule chini, ameshika kofia, akitazama juu. Sikumpungia mkono. Siku hizi magoti yamemchosha, na mimi ningetoa chochote nirudi dirishani pale.

Nilitaka kumwomba msamaha mbele ya wale wale waliocheka. Lakini nikieleza sababu, nitawaonyesha alichokificha miaka yote. Humu naandika kwa kuwa yeye hasomi blogu, na wale wa kanisani hawajui kama ninayo. Basi wakinitaka nisimulie tena, nitasema nimesahau.

Kesho, kabla ya kufungua saluni, nitapita kwake peke yangu. Naogopa ataniambia tu, "Hakuna shida, mama," kama alivyoniambia siku ile niliposhuka.