Mama Anataka Kuuona Mwezi wa Brampton

Jumanne, 8 Oktoba

Msimu wa matairi ya theluji umeanza. Mji mzima umeamka kwa pamoja, kana kwamba baridi ni habari mpya. Kutwa nzima ghalani: kontena, matairi, kontena. Mikono haitakati hata kwa sabuni ya unga. Nimerudi, mke wangu Ramneet yuko kitandani na kompyuta yake, hakuinua macho. Chapati zangu alizifunika — sifa hiyo siwezi kumnyima.

Mama alipiga simu. Mwaka jana mtandao ulimkatikia siku ya saumu ya Karva Chauth. Mwaka huu hataki visingizio. Anataka kumwona mkwe wake akifungua saumu kwa macho yake mwenyewe: autazame mwezi kwenye chekecheke, anitazame mimi, anywe maji mkononi mwangu. Wake wote wa mtaa watafunga kuwaombea waume zao maisha marefu, anasema, na wa Kanada je? Nikamwambia atafunga, mama. Uongo! Mwaka jana siku hiyo nilimkuta anakula piza mchana kweupe. Sikumlaumu. Maisha yangu marefu ya kazi gani?

Alhamisi, 10 Oktoba

Sukhchain, tunayepakua naye, leo alinianza mapema. "Vipi, Bwana wa Kibali! Mkeo msomi amekuruhusu kunywa chai?" Ghala zima likacheka. Nusu yao wameingia kwa mlango huohuo nilioingilia mimi, ila wake zao wanawapigia simu wakati wa mapumziko, basi wanajiona waume.

Shule niliacha darasa la kumi. Mtihani wa Kiingereza wa kuja Kanada ukanishinda, nikarudia, ukanishinda tena. Ramneet aliupita mara moja tu. Baba yake alikuwa na binti mwenye akili, baba yangu alikuwa na shamba. Wazee wakakaa chini wakapatana kama watu wanaouziana ng'ombe: shamba liuzwe, yeye aje asome huku, mimi nije nyuma yake kama mume. Harusini nilicheza mpaka kilemba kikanifunguka. Mjinga mwenye furaha.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku ya sinema yetu ya simu. Nimesukuma godoro langu la sakafuni nyuma ya mashine ya kufulia, nikaketi kitandani kwake. Ramneet akavaa bangili nyekundu. Tukatabasamu. Mama akaja hewani.

"Mbona mkwe wangu amekonda? Humlishi wewe?"

"Ananilisha, mama. Mimi ndiye mvivu wa kula. Mwanao anamaliza hadi sahani."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Ramneet anajua kuongea na mama yangu kuliko mimi.

Baba akachukua simu, akauliza lake la siku zote: masomo yanaisha lini? Desemba, baba. "Halafu?" Ramneet akasema mtandao unasumbua, akakata. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Kibali changu cha kazi kinaning'inia kwenye chake cha masomo. Masomo yakiisha, nacho kinaisha. Kingine sipati mpaka yeye asaini kwamba mimi ni mume wake na tunaishi pamoja. Sijamuuliza. Tangu Agosti naogopa kumuuliza.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua. Matairi. Mgongo. Basi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mzigo wa mama umefika, kauleta shangazi yake Sukhchain. Hina. Tambi za kula kabla ya alfajiri. Chekecheke lililozungushiwa nyuzi za dhahabu. Nilidhani Ramneet atacheka. Alilishika muda mrefu, akaligeuza huku na huku.

"Nitafunga," akasema.

Nikamwambia si lazima, tutaigiza tu, mama hatajua.

"Nimesema nitafunga. Kweli kweli. Na maji sinywi."

Nikatoka nje, nikasimama kwenye baridi bila koti. Humu hasomi mtu, niandike ukweli: nilifurahi kama chizi! Nimeshaanza kufikiria kitanda kikubwa. Nimefikiria hata jina la mtoto.

Jumapili, 20 Oktoba

Aliamka kabla ya alfajiri, akala tambi peke yake, akanawa mdomo. Kisha hakugusa kitu.

Asubuhi mama akapiga. Kwao usiku ulishaingia na mwezi ulishatoka, naye alikuwa anafungua saumu yake. Baba akamnywesha maji huku jicho liko kwenye taarifa ya habari. "Mwone baba yako, ananinywesha kama anamwagilia kitunguu!" Akasema anakwenda kulala, ataamka kukiwa bado giza auone mwezi wetu.

Mchana Ramneet alikuwa na zamu kwenye mkahawa. Nikaenda kumchukua. Anawapa watu kahawa na midomo imekauka kama karatasi. Kituoni, tukisubiri basi, nikashindwa kuvumilia.

"Mwaka jana hukufunga. Kwa nini mwaka huu?"

"Kwa sababu ni wa mwisho."

Sikuelewa. Akanigeukia, akaongea polepole, kama anayemweleza mgonjwa.

"Karatasi zangu za kibali zimeshakwenda. Yako sitasaini. Nikisaini tutaishi hivi hadi tuzeeke, wewe nyuma ya mashine, mimi kitandani, Jumapili tunatabasamu."

"Baba aliuza shamba, Ramneet."

"Najua. Si mimi niliyeuza. Mimi niliuzwa pamoja nalo."

"Sasa unafunga ya nini?"

"Uishi sana. Hujanipigia kelele hata siku moja. Wenzangu wanapigwa. Sina kingine cha kukupa."

Hakulia. Basi likaja. Matairi yake ya mbele yamekwisha. Hayo ndiyo niliyoyaona, mpumbavu mimi, matairi.

Nikamuuliza, na mama? Akasema leo atamfurahisha, kesho nimwambie mwenyewe.

Sasa mama yuko hewani. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Amejifunika shali, amemwamsha na shangazi yangu. Ramneet ameketi kitandani, nguo nyekundu, hina, chekecheke magotini. Dirisha liko ubavuni mwake, nyuma kidogo. Mimi nimesimama hapa dirishani, chumba chetu ni cha chini ya ardhi, majani ya uani yanaanzia usawa wa kidevu changu, daftari juu ya kizingiti, kikombe cha maji kando yake. Mama ameuliza naandika nini. Saa za kazi, nimemwambia.

"Mwezi umetoka?"

"Bado, mama. Mawingu."

"Angalia vizuri, mwanangu. Mtoto wa watu atazimia na kiu."

Umetoka. Ni muda sasa tangu utoke. Uko juu ya gereji ya jirani, mkubwa, umemeguka kidogo pembeni, rangi ya shaba. Hakuna wingu hata moja. Akigeuka tu atauona. Atautazama, atanitazama, atakunywa maji mkononi mwangu, mama atalia kwa furaha, na tutakuwa tumemaliza.

Ramneet ananitazama kwa pembe ya jicho. Anaulamba mdomo. Hageuki.

Mama ameuliza tena.

Nimesema bado.