Maneno ya Mawe ya Angani

Kitindamimba wetu mpendwa,

Nakusalimu sana. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha baridi kiwe kimekuacha. Mimi mwili haujambo. Kwa dobi bado napiga pasi, na tajiri wetu bado anaigombeza mashine ya mvuke kama vile ina masikio.

Ujumbe wako umefika, kwamba umefaulu na mwezi ujao unakuja. Hongera, mdogo wangu. Unasema unataka kumsikia Mama akiyataja maneno yako ya Kihispania kwa mdomo wake mwenyewe, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ulimwanzishia kwa ujumbe wa simu, neno moja kila jioni, ili ukiongea habari za masomo yako ya mawe ya angani huko ughaibuni asikuone mgeni. Asteroide, jiwe linalozunguka jua; cometa, nyota yenye mkia. Mama naye mkaidi. Ulipomweleza kwamba jiwe likiwaka angani ni meteoro, likifika ardhini ni meteorito, aliniuliza kwa nini libadilishwe jina kwa kuanguka tu, kwani limeolewa? Akawa anakujibu ovyo makusudi, nawe unamsahihisha.

Halafu akaanza kupatia yote. Ukaandika kwamba umemsifu mpaka kwa mwalimu wako, kuwa mama yako mtu mzima hakosei hata neno. Niliusoma ujumbe ule nimesimama mbele ya meza ya pasi, nikaendelea na shati. Sikuhisi kitu.

Mdogo wangu, keti kwanza. Huyo asiyekosea ni mimi. Mama alitutoka wakati unajiandaa na mtihani. Presha ilipanda, hospitali tulifika, hakuamka. Mwenyewe alizoea kusema ukiitwa nyumbani katikati ya masomo hutarudi tena huko. Basi wajomba niliwaomba wafunge midomo, simu yake nikakwambia imeharibika sauti, nikawa nakujibu. Maneno ilinibidi nijifunze kweli, nikiyarudiarudia juu ya kola za watu. Kukosea kama yeye sikukumbuka. Tumemzika pembeni ya Baba.

Sijalia. Majirani wananiita jasiri, wala si ujasiri, moyo umekufa ganzi tu. Nikasirikie, ni haki yako, ila njoo. Chumba chako nimekifagia.

Msalimie mwalimu wako, na wote wanaokutunza huko. Neno ulilomtumia Mama jana nimeliona. Nalijua maana yake, lakini sijalijibu.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa